Uzi Usokotwao kwa Mkono

Hotuba iliyosomwa katika ukumbi wa hekalu, Mchafukoge

 

Nimeombwa kuzungumzia uzi, nami nazungumza mahali palipojaa uzi. Anayefuata Mtaa wa Uhuru kuelekea Kariakoo hupita robota za khanga na vitenge, kisha mafundi wenye vyerehani vyao barazani. Uzi wote huo ni wa mashine, wala sina ugomvi nao, kwani ndio unaotuvisha. Lakini ipo raha ya kuutengeneza uzi kwa vidole vyako mwenyewe, na raha hiyo inatuponyoka.

Pamba iliyotolewa mbegu huchambuliwa hadi ikawa laini, kisha huviringishwa iwe nene kama kidole. Wagujarati huiita puni. Huunganishwa na takli, yaani kijiti chembamba chenye kisahani kizito, ambacho ncha yake huzunguka ndani ya kibakuli. Mkono mmoja huzungusha, wa pili huvuta. Nyuzi za pamba ni fupi, kama sentimita 3 tu. Ukivuta kabla msokoto haujafika, uzi hukatika. Ukichelewa, hujipinda vifundo. Nafasi iliyo kati ya makosa hayo mawili ni finyu sana, na vidole huijua kabla ya akili. Raha yenyewe imo humo. Msokotaji hunyamaza bila kuambiwa anyamaze. (Sufi tunayojazia mito haiikubali kazi hii, inateleza mno.)

Mtu asidhani kwamba ufundi huu uliletwa na majahazi ya Kachchh na Kathiawar. Kilwa Kisiwani, wachimbaji wa mambo ya kale, akiwemo Neville Chittick katika miaka ya 1960, walifukua visahani vya kusokotea vilivyochongwa kwa vigae vya vyungu na kutobolewa katikati. Wareno walipofika huko mwaka 1505 waliikuta pamba ikilimwa. Hata lugha yetu inashuhudia ujirani huu: neno pamba lina asili ya Kiajemi, na cherehani ni ndugu wa charkha, gurudumu la kusokotea la Wahindi, lakini kusokota ni neno la Kibantu, la watu wa hapa hapa.

Mahatma Gandhi alilisifu gurudumu hilo kabla hajaliona kwa macho. Aliporejea India mwaka 1915, ilibidi litafutwe. Mama mmoja, Gangabehn Majmudar, alizunguka Gujarat muda mrefu hadi akalikuta Vijapur, katika himaya ya Baroda. Magurudumu yalikuwa yamepandishwa darini kama takataka, lakini wenyewe walikuwa hai, wakasema watasokota tena iwapo watapata puni na mnunuzi wa uzi.

Hiyo ndiyo tofauti kati ya Vijapur na Kilwa. Kilwa tumebakiwa na visahani, mikono haipo.

Na sisi je? Tambi za taa zetu za ibada siku hizi hutoka kwenye pakiti. Uzi wa janoi hununuliwa, na wa rakhi pia. Akina bibi wanaoweza kuutoa uzi kwenye pamba, ninaowajua mimi katika mitaa hii, hawajazi vidole vya mkono mmoja, na wote wamekwisha kuvuka miaka 75. Wajukuu wao wanawapenda sana, lakini hawajawahi kuwauliza.

Bibi mmoja amekubali kuketi nasi ukumbini kila Jumapili baada ya aarti. Tutaanza na tambi, maana hazihitaji takli, kisha tuingie kwenye uzi. Pamba ya Kanda ya Ziwa itakuwepo. Majirani mnakaribishwa sawa na waumini, na mafundi cherehani hasa, kwa kuwa ninyi mnaujua uzi kuliko sisi. Watoto waje pia. Wao hujifunza upesi.

Kila mmoja aje na kibakuli kidogo, na mikono isiyo na mafuta.