Msimwite Mario

Salamu zimeshatolewa na wengi, wala sitazirudia. Mambo ya kupendana, kuvumiliana na kuheshimu wakwe, padri amewaambia asubuhi kanisani, na amewaambia vizuri. Mimi bibi yenu nimepewa kiti hiki niseme la kwangu, na la kwangu ni moja: pesa, pamoja na ndugu wanaohesabu pesa zisizo zao.

Bwana harusi, mume wangu mdogo, inua kichwa. Naanza na wewe kwa sababu kila aliyeketi katika uwanja huu anajua kwamba wewe ni mwalimu, na mwenzako ana meza ya vitenge soko kuu na kibanda cha kutuma pesa kwa simu. Mwezi kwa mwezi, mkono wake utakuwa mzito kuliko wako. Hakuna aibu hapo. Lakini jana usiku, vijana wakifunga turubai, mmoja aliweka wimbo wa Mario kwenye simu yake, na wengine wakakutazama wakicheka. Nilikuwa jikoni, niliwasikia.

Wimbo huo naujua tangu baba yako hajaota ndevu. Franco na OK Jazz waliutoa mwaka 1985, akiimba naye Madilu System. Sisi wa Kindu ni watu wa Kiswahili, lakini Kilingala cha nyimbo hakuna aliyehitaji kuelezwa. Redio ya Sauti ya Zaire ikiupiga, ni zaidi ya dakika 10: unachambua mchele, unauosha, unauinjika, na Franco bado anasema. Na ulikuwa mtamu, jamani! Marehemu babu yenu alikuwa akiacha sahani ya bugali inapoa kwa ajili ya magitaa yale. Habari yake mnaijua. Kijana mwenye diploma na nguvu zake zote anakwenda kukaa kwa mama aliyemzidi umri na mali. Analishwa, anavishwa, na bado yeye ndiye mwenye kugomba, hadi mama yule anachoka. Franco alisema kweli tupu. Wanaume wa namna hiyo walijaa Kinshasa, na hata hapa Kasuku walikuwepo. Kosa ni la watu waliouchukua wimbo ule wakamchapa nao mtu asiyestahili.

Mtaani kwetu Mikelenge tulikuwa na mke na mume. Majina yao siyataji, kwa sababu baadhi ya watoto wao wamo humu, wanakula wali wetu. Baba alikuwa karani, suruali yenye mstari, kalamu mbili mfukoni. Ilipoanza miaka ile ya 90, mshahara wake ukawa unakawia mwezi mmoja, halafu mitatu, na ukifika haununui hata mfuko wa chumvi. Aliendelea kwenda kazini kila asubuhi na kuketi mbele ya meza isiyo na karatasi. Mama hakungoja. Alivuka Lualaba kwa mtumbwi hadi Alunguli, akanunua mchele na mafuta ya mawese kwa wakulima, akapakia kwenye gari la moshi mpaka Kongolo. Kutoka huko alirudi na chumvi, sabuni na dagaa. Gari likiharibika njiani, na lilikuwa likiharibika sana, analala porini juu ya magunia yake.

Nyumbani baba alibaki na watoto. Aliwaogesha, aliwasomesha hesabu, aliwapikia. Akitaka kutwanga sombe alifunga lango kwanza, lakini mtaa mzima tulijua nani anatwanga. Mchi wa mama una mwendo wake; ule wake ulikuwa unashuka kama mtu anayeua nyoka. Sasa niambieni, huyo ni Mario? Mario alikuwa na njia ya kujilisha akaikataa. Huyu alinyang'anywa mshahara, akashika kazi iliyokuwepo, na watoto wake hawakulala njaa wala hawakukosa shule.

Kaka za mke hawakuona hivyo. Jumapili wakija kumsalimia dada yao, wanaita kutoka langoni: “Mario yupo?” Wanacheka. Naye anacheka, anawatolea viti. Jumapili nyingine wakamwita hivyo mbele ya watoto. Upande wa pili mama yake mume akaja na maneno yake: huyu mwanamke anashika pesa zote, zinakwenda wapi, mbona mimi sijaona hata kikwembe? Familia mbili, kila moja na mdomo wake, na nyumba ya watu wawili katikati.

Hapa ndipo nataka masikio yenu.

Yule baba akatafuta mahali pa kuonekana mwanaume. Ukatokea msiba wa mjomba wake. Akaenda kwa mfanyabiashara sokoni, akakopa kwa jina la mkewe, akatoa mchango uliopita wa wote, na jina lake likasomwa kwa sauti kwenye matanga. Mama aliporudi kutoka Kongolo alikuta deni linamngoja. Laiti angegomba! Angegomba tungeitwa wazee, tungekaa chini, tungeyamaliza. Alinyamaza, na tangu siku hiyo akaanza kuficha. Noti alizifunga kwa kitambaa, akazitia chini ya mchele ndani ya pipa la chuma, na pipa lile ndilo alilokuwa akilikalia akipokea wageni. Mumewe akiwa ameketi hatua mbili kutoka pale.

Na jueni kwamba yule mume alijua hesabu kuliko mtaa wetu wote. Jioni alikuwa akija barazani kwetu na redio yake, anatuambia: msiweke makaratasi haya, kila wiki yanapungua, nunueni chumvi, nunueni mabati, nunueni baiskeli. Babu yenu alimsikiliza, tukanunua mabati; ndiyo haya yaliyo juu ya nyumba mliyovalia leo. Aliwashauri majirani wote. Mkewe peke yake hakuwa na la kumwuliza, kwa sababu pesa zenyewe alikuwa amemwambia hazipo.

Oktoba 1993 serikali ya Mobutu ikabadili pesa: zaire mpya moja kwa zaire za zamani milioni 3. Mama alikuwa safarini. Aliporudi akafungua pipa, akatoa kitambaa, akakiweka mbele ya mumewe. Noti ambazo zamani zingenunua baiskeli hazikufikia kipande cha sabuni. Baba alizitazama. Hakuuliza ngapi. Aliuliza, “Tangu lini?”

Wiki ileile alifuata vijana waliokuwa wakienda Kalima kuchimba bati. Alituma salamu, alituma kitu kidogo, lakini kulala chini ya paa lile hakulala tena. Vita vilipofika, mji huu ukachukuliwa na waasi Oktoba 1998, gari la moshi likakatika kwa miaka, na mama yule akalea watoto peke yake kwa baiskeli za kuazima. Wale kaka waliokuwa wakiita langoni, mnafikiri walikuja kumlisha dada yao? Walikuja kuuliza kama pipa linauzwa.

Bibi harusi, mwanangu, siku hizi hakuna pipa. Kuna simu, na simu ina namba ya siri. Sikwambii umpe namba hiyo. Mtaji una adabu yake, na wewe unajua biashara kuliko mimi. Nakwambia ajue kilichomo. Ajue zamu yako ya likelemba, mchango wenu wa kupokezana, inaanguka mwezi gani. Ajue nani anakudai pale sokoni, asije akaambiwa na mtu mwingine njiani. Na wewe mwalimu, usikope hata franka moja kwa jina lake ili usifiwe kwenye matanga. Ukiwa na elfu mbili, toa elfu mbili, ukae umetulia. Mshahara wako ukikawia, mwambie siku hiyohiyo, kwa maneno, si kwa kukunja uso. Jumapili jioni fungeni mlango, wekeni kila kitu juu ya meza, muandike: kilichoingia, kilichotoka, anayedai, anayedaiwa. Atakayebisha hodi saa hiyo angoje nje, hata kama ni mimi.

Na wewe mama mkwe, dada yangu, kikwembe chako utakipata. Omba kwa wote wawili wakiwa pamoja, usimwite mwanao pembeni.

Nyinyi kaka za bibi harusi, msitazame chini, naongea na nyinyi. Mahari ya dada yenu imelipwa mbele ya mashahidi, mbuzi mmekula, hakuna anayewadai wala mnayemdai. Mkienda kuwatembelea, mwiteni shemeji au mwiteni mwalimu. Nikisikia mmoja wenu amesimama langoni kwao akaita lile jina lingine, kesho yake asubuhi nitafika nyumbani kwake, nitaketi uwanjani, nitamwita mkewe, na nitamwomba atusomee kwa sauti nani pale ananunua chumvi.