Usiokote, Usifukie: Kitu cha Mazoezi Pia Huua

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya akina mama, vijana na wafugaji kutoka Meru na Embu)

 

Nianze kwa kuungama. Miaka kadhaa iliyopita, katika mkutano wa kikundi upande wa chini wa Meru, kule unakoshuka kuelekea Isiolo, kijana mmoja alileta gunia. Ndani mlikuwa na vyuma chakavu alivyookota akichunga mbuzi wa mjomba wake. Alitaka kujua bei ya kilo. Mimi, mfanyakazi wa jamii mwenye diploma yangu, nikaingiza mkono, nikatoa chuma kizito chenye umbo la chupa, nikampa mama aliyeketi kando yangu akitazame. Mama yule alikuwa na mtoto mgongoni.

Mzee mmoja aliyewahi kuwa askari ndiye aliyetuokoa. Alisema kwa sauti ya chini: "Kiwekeni polepole. Mtoke wote." Tukatoka. Polisi waliitwa, wakaja na wataalamu. Kile kitu kilikuwa hakijalipuka. Hakuna aliyeumia, lakini usiku ule sikulala. Na neno la yule kijana sijalisahau hadi leo: "Lakini mwalimu, si ni vya mazoezi tu?"

Hebu basi tuzungumze juu ya hilo neno "mazoezi".

SANDUKU LA KUNUSIA SUMU

Katika Vita Kuu ya Kwanza, kuanzia mwaka 1915, majeshi ya Ulaya yalitumia gesi za sumu. Baada ya vita, wakubwa wa majeshi walijiuliza: askari ataitambuaje sumu kabla haijamuua? Jeshi la Marekani likatengeneza masanduku ya mafunzo. Kuanzia mwaka 1928 hadi 1969 yalitengenezwa kama 110,000.

Ndani ya sanduku mlikuwa na chupa ndogo za kioo zilizozibwa kabisa. Msidhani mlikuwa na maji ya rangi. Ilikuwa sumu ya kweli: gesi ya haradali, luisaiti, fosijeni, kloropikirini. Nyingine ilichanganywa na kemikali ili kupunguza ukali, nyingine iliwekwa safi bila kuchanganywa. Askari alifundishwa kunusa na kukumbuka. Haradali hunuka kama kitunguu saumu. Fosijeni hunuka kama nyasi zilizokatwa sasa hivi. Mnaona hatari yake? Ni harufu za nyumbani. Tena gesi ya haradali haiumi papo hapo. Mtu huishika, akaendelea na kazi zake, na malengelenge hutokea baada ya saa nyingi.

Masanduku hayo yalipochakaa yalipelekwa wapi? Mengi yalifukiwa ardhini. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya wakati ule: chimba, tia, funika, sahau. Lakini ardhi haisahau. Mwezi wa Januari 1993, katika mtaa wa Spring Valley mjini Washington, wafanyakazi waliokuwa wakichimba mtaro walikuta silaha za Vita Kuu ya Kwanza zimefukiwa. Jeshi lilikuwa limefanyia majaribio ya sumu mahali hapo, kisha zikajengwa nyumba za watu wenye uwezo. Kusafisha mtaa huo kuliendelea kwa zaidi ya miaka 20. Kama matajiri wa mji mkuu wa Marekani walilala juu ya sumu bila kujua, sisi wa kijijini tutasemaje?

Siku hizi chupa hizo hazifunguliwi kwa mkono wala kuchomwa nyuma ya nyumba. Wataalamu waliovaa mavazi maalum huziweka ndani ya chombo kilichofungwa, chenye glavu zilizoshikizwa ukutani. Kioo huvunjwa humo humo ndani, sumu ikachanganywa na kemikali ya kuivunja nguvu, na mabaki yake yakapelekwa kwa watu wenye mitambo ya kuyaharibu. Ni kazi ya polepole na ya gharama. Kufukia kulikuwa rahisi, kufukua ndiko kulikogharimu.

MAMBO HAYA SI YA MBALI

Mtaniambia, "Hayo ni ya Marekani." Sivyo. Mwaka 1935 na 1936 ndege za Italia ziliwamwagia watu wa Ethiopia gesi ya haradali, ingawa mkataba wa Geneva wa mwaka 1925 ulikuwa umekataza. Baadhi ya wakimbizi wa vita hivyo walivuka mpaka, wakawekwa kambini Isiolo, hapa jirani.

Mkataba wa kupiga marufuku hata kutengeneza na kuhifadhi silaha hizo ulitiwa sahihi mwaka 1993, ukaanza kazi tarehe 29 Aprili 1997, na Kenya ni mwanachama. Marekani ilimaliza kuharibu akiba yake iliyotangazwa mwezi wa Julai 2023. Tunashukuru. Hata hivyo, karatasi haichimbui chupa iliyofukiwa.

Na sisi tunayo yetu. Wakati wa Mau Mau, kuanzia mwaka 1953 hadi 1955, ndege za Waingereza zilidondosha mabomu katika misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua. Si kila bomu lilipasuka. Kisha kuna viwanja vya mazoezi vya Archer's Post kule Samburu na Dol Dol kule Laikipia. Wachungaji na watoto waliokota vilivyoachwa, wengine wakafa, wengine wakapoteza mikono na macho. Mwaka 2002 Uingereza ilikubali kuwalipa watu 228 wa jamii za Wamaasai na Wasamburu pauni milioni 4.5. Hata hivyo mkono uliokatika haurudishwi na pauni. Na vyote hivyo vilikuwa "vya mazoezi tu".

SUMU YA STOO

Ninyi wa Embu, wa Chuka na wa Nkubu mnaolima kahawa, msicheke. Ni wangapi wana stoo ya zamani yenye chupa za dawa zisizo na maandishi? Kuna dawa zilizosifiwa zamani, kama DDT na dieldrini, ambazo sasa zimo katika mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 kwa sababu hazimaliziki upesi ardhini na mwilini. Nimewahi kuambiwa na mama mmoja, kwa nia njema kabisa: "Tulizifukia karibu na mto ili watoto wasizione." Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Sumu nayo ni vivyo hivyo.

TUFANYE NINI?

1. Usiguse, usipige teke, usitupe jiwe. Kutu si dalili kwamba kitu kimekufa.
2. Rudi kwa njia ile ile uliyoijia. Weka alama mbali kidogo, kama vile tawi au kitambaa, na uwazuie watoto na mifugo.
3. Mwambie chifu au naibu wake, au polisi kwa simu 999 au 112. Eleza mahali, umbo na ukubwa. Usikibebe kwenda kuonyesha!
4. Ukiona chupa yenye sumu imevunjika, usiiname kunusa. Nenda upande upepo unakotoka. Iliyokugusa, vua nguo, oga kwa maji mengi na sabuni, uende hospitali hata kama huoni maumivu.
5. Mnunuzi wa vyuma chakavu, na fundi wa jua kali: kataa kitu usichokijua. Usikipige nyundo, usikitie motoni.
6. Dawa za zamani za shamba zisifukiwe, zisimwagwe, wala chupa zake zisitiwe mafuta ya kupikia. Ziandikeni orodha kama kikundi, mpeleke kwa afisa wa kilimo na watu wa NEMA.

Yule kijana wa gunia hakuwa mjinga. Alitafuta karo. Kwa hiyo tusiishie kumwambia "acha". Kikundi kilichomwazima mbuzi wawili wa kuanzia kilifanya kazi kubwa kuliko hotuba yangu hii.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Ni nani kati yetu anaokota au kununua vyuma chakavu, na kwa nini?
2. Stoo ya zamani iliyo karibu nasi ina nini ndani? Nani ana ufunguo?
3. Mtoto akikuta kitu kigeni leo jioni, atamwambia nani kwanza? Je, atasikilizwa au atachapwa?