Daftari la Mkunga Martha Ballard

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama. Tumeyabandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuwahi kufika.)



Mkutano uliopita wako waliouliza: mambo ya nyumbani yanaandikwa ya nini? Mkeka mmoja, mayai matano, kumzalisha jirani, hizo nazo ni hesabu? Tunajibu kwa habari za mama mmoja wa Marekani.

Huyo ni Martha Ballard. Mwaka 1777 alihamia Hallowell, kando ya mto Kennebec, mahali ambapo sasa ni jimbo la Maine. Walowezi walikuwa bado wanafyeka msitu. (Na tusisahau, nchi hiyo ilikuwa na wenyewe, Waabenaki.) Mumewe Ephraim alikuwa mpima ardhi. Martha alikuwa mkunga.

Tangu 1785 hadi alipofariki 1812, mama huyu aliandika karibu kila siku. Mvua au jua, kaenda wapi, nani mgonjwa, nani anadaiwa. Siku zinakaribia 10,000! Watoto aliowazalisha humo wanapita 800. Kuwafikia akina mama alivuka mto kwa mtumbwi, na wakati wa baridi akapita juu ya barafu. Kila uzazi aliuandikia ada yake, na akishalipwa hutia alama ya XX pembeni. Wengine hawakuwa na fedha, basi walimpa jibini, au mishumaa. Vyote vikaingia daftarini. Mabinti zake walifuma vitambaa, nyuzi zikawa zinatoka nyumba hii kwenda ile, nayo aliandika. Kazi kama hizo ukizitafuta katika vitabu vya hesabu vya wanaume wa zama hizo, ni shida kuziona.

Mwaka 1804 Ephraim akatiwa jela kwa deni. Alikuwa mkusanya kodi, na kodi haikutimia. (Hapo mweka hazina wetu aliguna, watu wakacheka.) Martha akabaki na nyumba, na kalamu hakuiweka chini.

Daftari lilitunzwa na ukoo. Kilembwe wake, daktari Mary Hobart, akalitoa kwa maktaba ya jimbo mwaka 1930. Wasomi waliolipitia waliona ni mambo madogo madogo ya jikoni tu, mpaka Laurel Thatcher Ulrich alipokaa nalo miaka, akaoanisha jina na jina, deni na deni. Kitabu chake kilitoka 1990, na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Pulitzer. Kumbe nusu ya uchumi wa kijiji kile ilikuwa imo humo kwa mkunga!

Sasa, daftari la kina mama liko kwa karani, limeshapigwa mistari. Asiyejua kuandika aje na mwanawe. Kuku, mikeka, siku ulizomlimia mwenzio, andikisha. Na ukilipwa, rudi utie alama yako.