Bodi za Silingi, Kuukuu na Mpya: Zitupwe Namna Gani?

(Maneno tuliyosema mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Leo hatukusimama kusema habari za mishahara. Tumesimama kwa sababu ya taka zilizo nyuma ya nyumba zetu. Mafundi walipotengeneza nyumba walishusha silingi kuukuu, wakatia bodi mpya, wakaenda zao. Yamebaki malundo mawili. Watoto wanaokota vipande wapate chaki ya kuandikia ukutani. Nasi wakubwa hatukuwashinda akili, maana mwenzetu mmoja amekwisha kuezeka banda la kuku kwa bodi kuukuu.

Ndugu, malundo hayo si ya namna moja.

Bodi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Ukiivunja au ukiikata kwa msumeno, hutoa nyuzi ndogo zisizoonekana, zikaingia mapafuni na kukaa humo. Ugonjwa wake hauji kesho. Huja baada ya miaka 20, 30 hata 40, mtu akiwa amekwisha kustaafu. Tena kwa macho huwezi kuitambua. Ni maabara tu. Sisi watu wa reli twajua kwamba bendera nyekundu ikionyeshwa, gari husimama ingawa dereva haoni lililo mbele. Basi bodi kuukuu usiyoijua, ihesabu kuwa ni asbesto mpaka ipimwe.

Isivunjwe, isichomwe, wala vumbi lake lisifagiliwe kavu. Inyunyiziwe maji, ifungwe katika nailoni nene, iandikwe alama ya hatari, ichukuliwe na mwenye leseni ya NEMA mpaka mahali palipokubaliwa kisheria. Kitambaa puani hakitoshi.

Bodi mpya ni jipsamu ndani ya karatasi. Vumbi lake huwasha macho na koo, lakini si asbesto. Vipande vizima tuvitunze vizibe matundu. Vilivyobaki viwekwe pakavu, peke yake, vipelekwe jaa lenye idhini. Visizikwe pamoja na taka zinazooza mahali pa majimaji, kwa kuwa hutoa gesi yenye harufu ya mayai viza, nayo ikiwa nyingi huua.

Sasa nani aziondoe? Si sisi kwa mikono mitupu siku ya Jumapili. Aliyeamuru kazi ndiye mwenye taka. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake aonapo hatari kubwa, na mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha hapo hatari ikiwa ingalipo.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kamati iandike barua kesho. Malundo yafunikwe, watoto wazuiwe. Na mwenzetu wa banda la kuku asione haya, wala asilibomoe mwenyewe. Alitaje katika barua hiyo, liondolewe pamoja na mengine.