Kufasiri Jumbe za Makosa katika Programu za Kuandikia Noti za Muziki

Mada iliyosomwa mbele ya semina ya walimu wa kwaya na walimu wa muziki, Kericho



Nashukuru kwa hisani ya kupewa wasaa wa kusema mbele ya jamaa ambao, makanisani, katika shule za upili na katika vijiji vya mashamba ya majani chai, tangu Kericho mjini hata Litein, Sotik na Bomet, ndio waliobeba taklifu ya kuziandika nyimbo ambazo watu wengine huziimba tu. Taklifu hiyo zamani ilitimizwa kwa kalamu, rula na karatasi ya stensili; leo aghalabu hutimizwa kwa kompyuta, na programu za kompyuta, kinyume cha kalamu, zina desturi ya kugoma na kuitaja sababu ya mgomo wao kwa Kiingereza kifupi cha mafundi, na mara nyingi hufanya hivyo usiku wa kuamkia tamasha, wakati kijana wa saiba amekwisha funga mlango na kwenda zake.

Dai langu katika mada hii ni moja. Nasema kwamba sehemu kubwa ya jumbe hizo ni habari za muziki kabla ya kuwa habari za mashine, na kwa hiyo mwalimu aliyezoea kuhesabu mapigo ana nafasi njema ya kuzifasiri kumshinda fundi asiyejua solfa. Na nasema zaidi kwamba kosa la kuogopwa si lile ambalo programu imelitangaza, bali ni lile ambalo imelinyamazia.

1. Programu zenyewe

Kwa mukhtasari, programu zinazotajwa sana ni nne. Finale ya Marekani ilitoka mwaka 1988, na Sibelius ikaanzishwa Uingereza mwaka 1993 na ndugu wawili wa ukoo wa Finn. LilyPond ilianza mwaka 1996 kwa mikono ya Waholanzi wawili, Han-Wen Nienhuys na Jan Nieuwenhuizen. Hiyo haichorwi kwa kubofya, ila mwandishi huandika herufi na tarakimu, kisha programu ikazigeuza kuwa noti. MuseScore iliasisiwa na Mjerumani Werner Schweer mwaka 2002, na toleo lake la nne likatoka Desemba 2022. Hizi mbili za mwisho hutolewa bure, na kwa sababu hiyo ndizo zinazotufaa zaidi sisi ambao bajeti ya kwaya zetu ni sadaka na michango. Mifano yangu nitaitwaa humo.

2. Jumbe za hesabu

Wengi wetu tulilelewa katika solfa, ile namna ya kuandika nyimbo kwa herufi ambayo John Curwen aliitengeneza katika karne ya kumi na tisa kutoka katika kazi ya Bibi Sarah Glover wa Norwich, na ambayo wamisionari waliieneza Afrika kwa kuwa yachapika kwa herufi za kawaida. Katika solfa nukta mbili hutenga pigo na pigo, nukta moja hugawa pigo nusu kwa nusu, mkato hutoa robo, na kistari huirefusha sauti iliyotangulia. Mwandishi anayenakili karatasi kuukuu iliyofifia akisahau kistari kimoja tu, waimbaji wake wanaoujua wimbo kwa moyo hawatatambua upungufu wowote, bali mashine isiyoujua wimbo itatambua.

Chukua ujumbe ule unaowatia watu hofu kuliko wote, ambao MuseScore huutoa faili inapofunguliwa, ikisema kwamba faili imeharibika. Mtu akisikia neno hilo huona kazi yake yote imepotea, akaifunga kompyuta. Lakini akistahimili akabonyeza pahali pa kuonyesha tafsili, ataona maneno ambayo kwa lugha yetu ni haya: kipimo cha 12, mstari wa 2, hakikutimia; kilichotarajiwa ni 4/4, kilichopatikana ni 7/8. Hapo ametajiwa mambo matatu: ni kipimo kipi, yaani nafasi ipi kati ya mistari miwili ya wima, ni mstari upi, basi kama mistari imepangwa sauti moja kila mmoja, wa pili ni wa alto, na ni kiasi gani kilichopungua, nacho ni kweva moja. Dawa yake ni kuongeza kipimo kitupu baada ya hicho kilichoharibika, kuandika upya humo sauti zote za kipimo kile kwa mkono, na si kwa kunakili, kwa maana ukinakili huenda ukauhamisha na ugonjwa wenyewe. Kisha kile cha zamani kikafutwa chote. Lisilofaa kabisa ni kuupuuza ujumbe, kuendelea kuandika, na kuhifadhi juu ya faili ile ile, kwani mwenye kufanya hivyo hujinyima nakala iliyokuwa na kosa moja tu.

LilyPond ina ujumbe wa jamii hiyo hiyo. Mwandishi akipenda huweka alama ya wima kila anapodhani kipimo kimekwisha, na programu huikagua dhana yake. Isipoafiki, husema kwamba ukaguzi wa kipimo umeshindwa, ikataja na mahali, kama vile 1/4. Tarakimu hiyo ina faida kubwa. Maana yake ni kwamba mwandishi alipoweka alama, kipimo kilikuwa kimetembea robo moja tu, yaani krocheti moja. Ikiwa onyo hili limetokea katika alama ya kwanza kabisa ya wimbo, yamkini wimbo huo huanzia kwenye pigo la mwisho la kipimo, kama zilivyo tenzi nyingi za kanisani, na mwandishi hakuiambia programu kwamba kipimo cha mwanzo ni kipande. Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui: kwa mazoea yake ya kawaida LilyPond hairudii onyo maadamu tofauti ni ile ile. Vipimo arobaini vinaweza kuwa vimeteleza vyote kwa krocheti moja, na onyo likawa moja tu kwa kila sauti. Anayedhani kwamba onyo moja ni kipimo kimoja kibovu atatafuta pasipo kupata.

3. Makosa yasiyotangazwa

Programu katika kazi hii ni kama mizani ya kituo cha kununulia majani chai, ambayo hutaja kilo zilizomo guniani, wala haitaji kama yaliyomo ni majani mawili na chipukizi au ni majani makuukuu ya kichaka. Ilimradi kipimo kimejaa, programu imeridhika.

Tazama wimbo ule ule unaoanzia pigo la mwisho, ukiandikwa katika MuseScore bila ya kipande cha mwanzo. Maneno ni “Ee Bwana”, ambapo “Ee” yapasa kuangukia pigo dhaifu, na “Bwa” pigo zito la mwanzo wa kipimo, sawasawa na Kiswahili kinavyoweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Mwandishi amebofya noti yake ya kwanza mahali pa kwanza palipo wazi. Programu imeipokea kwa adabu, wimbo wote umesogea pigo moja, na mwishoni pamejazwa vituo vya kimya pasipo ujumbe wowote. Karatasi itachapwa safi, nayo kwaya ngeni itakayoisoma kwa uaminifu itatia mkazo kwenye “Ee” na kwenye “na”, na wasikilizaji watashangaa ni Kiswahili cha wapi.

Namna nyingine hutokea katika nyimbo za mapigo sita. Katika solfa mapigo hayo huandikwa mawazi, d : r : m | f : s : l, na mwandishi aliyezoea kwamba pigo ni krocheti huyaingiza yote kwa krocheti chini ya alama ya 6/8. Krocheti tatu hukijaza kipimo cha 6/8, basi kilichokuwa kipimo kimoja kimekuwa viwili. Programu haikulalamika, maana hesabu imetimia, lakini noti ya pili ya kila kipimo imekatwa katikati na pigo la mkono wa mwalimu, naye akihesabu moja, mbili, kwaya haitamfuata kamwe. Hapa hata LilyPond ingalinyamaza, kwa kuwa krocheti sita ni vipimo viwili kamili vya 6/8; lakini katika mfano wa “Ee Bwana” ingelipiga kelele, kama mwandishi angaliweka alama za ukaguzi. Kwa ajili hiyo nasema, anayeweza kuchagua kati ya programu yenye kelele na iliyo kimya, wakati wa kunakili achague yenye kelele.

4. Nyimbo za wenyeji na mashine iliyozoea 4/4

Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet na mitambo yake akarekodi nyimbo za Wakipsigis, miongoni mwao ule wa wasichana uitwao Chemirocha, ambao sifa zake zimeenea hata nchi za mbali. Rekodi zipo, na vijana wetu wa leo wanataka kuziandika kwa noti ili ziimbwe katika mashindano ya Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo asili yake ni mwaka 1927. Hakuna jambo jema kuliko hilo, ila mwenye kuandika uimbaji wa jadi unaofuatana na ala ya nyuzi iitwayo chepkong'o atakutana na jumbe ambazo hakuziona katika tenzi.

Upo ule usemao kwamba kifungu cha noti tatu zinazoimbwa kwa muda wa mbili hakiwezi kuvuka mstari wa kipimo. Hapo programu haisemi kwamba mwimbaji amekosa. Husema kwamba mistari ya vipimo, ambayo mwandishi aliipanga kabla ya kusikiliza vizuri, haikupangwa mahali pake. Asimkate mwimbaji ili kuiridhisha mashine. Arudi kwenye rekodi, asikilize pumzi zinapokatwa na mguu unapokanyaga, kisha aiweke alama ya mapigo mpya pale pale ambapo fungu limerefuka au limefupika. MuseScore yaruhusu kipimo kimoja kiwe na urefu wa hakika ulio mbali na ule wa jina: mtu hufungua sifa za kipimo akaandika 5/4 katika wimbo wa 4/4, na juu ya kipimo huonekana alama ndogo ya kujumlisha, au ya kutoa kikiwa kifupi, ambayo haichapwi karatasini. Alama hiyo imekusudiwa kumkumbusha mwandishi tu. Akiwa alikusudia urefu ule, na aiache.

5. Jumbe za matoleo na za faili

Jamii ya pili ya jumbe hutoka katika tofauti ya umri kati ya programu na faili. Faili iliyohifadhiwa kwa MuseScore ya nne haifunguki katika ya tatu, na programu hutamka wazi kwamba kazi hii imeandikwa kwa toleo jipya zaidi. Shule nyingi zina kompyuta za zamani zenye Windows 7, na toleo la nne lahitaji Windows 10 au zaidi. Kumwambia mwalimu wa shule hiyo aongeze toleo ni kumwambia anunue kompyuta. Njia nyepesi ni mwenye toleo jipya kuitoa kazi kwa mfumo wa MusicXML, ambao Mmarekani Michael Good aliubuni, na toleo lake la kwanza likatoka mwaka 2004, ukiwa lugha ya pamoja ambayo programu zote nilizozitaja huifahamu kwa kiasi chake. Ikitokea mpokeaji akaambiwa kwamba faili hiyo si MusicXML halali, naye akaulizwa kama ataka kujaribu kuifungua hata hivyo, akubali, ila ailinganishe kipimo kwa kipimo na PDF ya mtumaji. Na kwa sababu hiyo mtumaji asitume faili bila PDF.

Hadhari ya pekee yawapasa wenye kazi zao katika Finale. Kampuni ya MakeMusic ilitangaza Agosti 2024 kwamba haitaiendeleza tena. Faili zake hazitakufa leo, lakini kompyuta zinazoweza kuzifungua zitapungua. Basi aliye na nyimbo za miaka humo na azitoe zote kwa MusicXML wakati programu yake ingali inafunguka.

6. Jumbe za mashine

Jamii ya tatu ndiyo ya mashine hasa, nayo haina mengi. Ujumbe kwamba chombo cha sauti hakikupatikana maana yake aghalabu ni kwamba spika zilichomolewa baada ya programu kufunguliwa. Zichomekwe, programu ifungwe, ifunguliwe upya. Viboksi vitupu mahali pa alama ni dalili ya fonti iliyokosekana, na noti zenyewe zi salama.

Lililo letu sisi watu wa Kericho ni radi. Mvua zetu za alasiri, na mawe yake yaliyo mashuhuri ulimwenguni, huondoka na stima bila kuaga, na stima ikipotea wakati faili inahifadhiwa, kesho yake faili hiyo huonekana kwa jina lake lakini uzito wake ni sifuri. Faili hiyo yenyewe haina tiba; tiba imo katika nakala. MuseScore ya nne huweka nakala ya awali ndani ya folda iliyofichwa, iitwayo .mscbackup, kando ya faili yenyewe. Ionyeshwe, nakala itolewe, alama iliyozidi mwishoni mwa jina iondolewe, na kazi itafunguka kama ilivyokuwa kabla ya kuhifadhiwa mara ya mwisho.

7. Mapendekezo

Naweka mbele ya semina mapendekezo manne. Kwanza, kila mwalimu anayekutana na ujumbe wa kosa aunakili neno kwa neno kabla ya kuufunga, maana anayeomba msaada kwa kusema tu kwamba kompyuta imekataa hawezi kusaidika. Pili, kila wimbo uliotolewa katika solfa uhesabiwe mapigo kwa kalamu juu ya karatasi kabla ya kuingizwa, na kipande cha mwanzo kiwekwe kabla ya noti ya kwanza. Tatu, nyimbo tunazobadilishana kati ya Kericho na Bomet zitumwe daima zikiwa mbili mbili, MusicXML na PDF. Nne, wimbo usigawiwe kwa kwaya mpaka mtu asiyeujua ameuimba kutoka karatasini, pigo kwa pigo, mwandishi akimsikiliza pasipo kumsahihisha. Kwani makosa yaliyonyamaziwa na programu hayapatikani ila kwa njia hiyo, na hapa ukumbini tuna watu wa kutosha kuianza kazi hiyo mchana huu, kila mmoja kwa wimbo wa mwenziwe.