Usiku Mmoja katika Hoteli ya New Africa

(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani mbele ya mkutano wa wanachama na wanafunzi)

Nimeombwa niseme juu ya safari. Nitasema juu ya safari ya usiku mmoja tu, niliolala katika Hoteli ya New Africa, Dar es Salaam.

Hoteli hiyo ina historia ndefu. Wajerumani waliifungua mwaka 1906 wakaiita Kaiserhof. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 utawala ulibadilika, na baadaye hoteli nayo ikapata jina la New Africa. Jengo lile la kale halipo tena. Mahali pake pamesimama jengo refu la kisasa, ila jina limebaki. Jirani yake liko kanisa la Azania Front, lenye vigae vyekundu. Ukipanda kidogo utaikuta Sanamu ya Askari ya mwaka 1927, na hapo inapita barabara yenye jina la Samora Machel. Wanafunzi, mkifika hapo msijione wageni. Samora huyo aliwaandaa wapiganaji wa FRELIMO hapa hapa Nachingwea.

Sasa nieleze sababu ya mimi kulala pale.

Marehemu baba yangu alizaliwa Ruangwa. Waingereza walipoleta mradi wa karanga hapa Nachingwea, alipata kibarua cha kung'oa visiki. Mradi ukafutwa mwaka 1951, na baadaye hata reli ya kwenda Mtwara iking'olewa. Baba hakungoja hayo. Alikwenda Dar es Salaam akaajiriwa udobi katika hoteli ile. Alifua na kupiga pasi mashuka ya wageni kwa zaidi ya miaka 20.

Nilipokuwa hapa shuleni, nauli yangu, sanduku langu na sabuni yangu vilitoka katika pasi ile. Lakini wenzangu walipouliza baba anafanya kazi gani, nilijibu, "Karani wa bandari."

Mwaka 1977 alikuja likizo. Siku zile safari ilikuwa ya kuvuka Rufiji kwa pantoni, na masika njia ilifungwa kabisa. Alifika amechoka, akaja kunitazama bwenini. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka kwa magadi, na mkononi alikuwa na kovu la pasi. Niliona haya. Nilimpitisha njia ya nyuma, wenzangu wasimwone. Baba alielewa, wala hakunikemea. Aliomba pasi ya mkaa, akainyoosha sare yangu, akaikunja vizuri juu ya kitanda, akaenda zake Ruangwa. Alifariki mwaka 1984 kabla sijamwomba radhi.

Miaka mingi ikapita. Nilipostaafu, wanangu walinilipia usiku mmoja pale New Africa. Chumba kilikuwa kizuri: zulia, maji moto, dirisha la kutazama bandari. Lakini mimi nilitazama kitanda. Shuka jeupe, limenyooka, halina hata mkunjo. Nilikaa kitini hadi usiku wa manane, nikaona vigumu kulivuruga.

Asubuhi nililikunja shuka kama baba alivyonifundisha, pembe kwa pembe. Binti wa usafi alipoingia alicheka. "Shikamoo mzee. Acha tu, hiyo ni kazi yetu."

Nikamjibu, "Marahaba, mwanangu. Najua. Ilikuwa kazi ya baba yangu."

Ndugu zangu, hiyo ndiyo mara ya kwanza maneno hayo kutoka kinywani mwangu.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Nanyi wanafunzi, wapo kati yenu ambao wazazi wao wanabangua korosho, wanachimba madini, wanauza mihogo sokoni. Siku ya wazazi wapitisheni njia ya mbele. Wakalisheni viti vya mbele.

Nina ombi moja kwa Mwalimu Mkuu. Katika fomu yangu ya kuingia shule, penye kazi ya mzazi, niliandika "karani". Kama daftari zile bado zipo stoo, naomba ruhusa nilifute neno hilo kwa mkono wangu mwenyewe, niandike "dobi".