Nani kakwambia mada zimekwisha?

Ndugu wasikilizaji, katika barua ambazo kipindi hiki hupokea, na siku hizi ujumbe wa simu za mkononi, lipo swali moja ambalo halikosi kujitokeza kila baada ya miezi michache. Swali lenyewe ni hili: "Hivi ndugu mtangazaji, kila wiki unayatoa wapi hayo ya kusema? Hayakuishii?"

Wengi wanaouliza ni vijana waliokwisha kujaribu wenyewe. Huyu kapewa ukurasa katika jarida la chuo chao, yule katika kijarida cha chama cha akiba na mikopo. Wiki ya kwanza walifurika maneno. Wiki ya tatu wakaanza kukwangua ukoko. Wiki ya nne wakawaomba radhi wasomaji wao "kwa sababu zilizo nje ya uwezo wetu", na huo ndio ukawa mwisho wa safu.

Leo nataka nilijibu swali hilo, kwa kuwa naamini linatuhusu sote, wenye kalamu na wasio na kalamu.

Kwanza tutazame kwa nini kisima hukauka mapema. Mtu akipewa nafasi kwa mara ya kwanza, huyakimbilia mambo makubwa. Wiki hii maadili ya vijana, wiki ijayo maendeleo, ya tatu umuhimu wa elimu. Baada ya hapo kabakiwa na nini? Kaimaliza dunia nzima kwa wiki tatu, na msomaji hakujifunza kitu, maana yote aliyoambiwa alikuwa akiyajua.

Marehemu Leonard Mambo Mbotela wa Kenya, aliyefariki dunia Februari 2025, alianzisha kipindi chake cha "Je, Huu Ni Ungwana?" mwaka 1966, enzi za Sauti ya Kenya. Kipindi kile kilidumu zaidi ya miaka 50. Kilikuwa na mada ngapi? Moja tu: mwenendo wa mtu mbele ya wenzake. Kama angesema "ndugu zangu, tuwe waungwana", angeimaliza siku ya kwanza. Yeye aliichukua tabia moja moja, akaiweka mbele ya msikilizaji, kisha akamwachia aamue mwenyewe. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Mbotela alibandua zaidi ya nusu karne, na gogo halikwisha.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kuchukua jambo dogo. Na madogo yako wapi? Yako njiani. Chukua fungu la nyanya pale gengeni kwako. Bei ni ile ile ya mwezi uliopita, lakini jana zilikuwa tano na leo ni nne. Mpita njia atanung'unika na kuondoka. Mwandishi atauliza. Nyanya tunazokula Dar es Salaam hutoka Iringa, hutoka Morogoro, hutoka Lushoto. Je, ni mvua iliyoziozesha shambani? Ni lori lililokwama njiani? Ni nauli ya tenga iliyopanda? Au ni mama mwenye genge anayetafuta ada ya mtoto wake? Nenda Soko la Ilala alfajiri ukawaulize wanaoshusha mzigo. Kila jibu litazaa swali jingine, na hapo una makala tatu kutoka katika fungu moja la nyanya, bila kulitaja neno "uchumi" hata mara moja.

Kanuni ya pili ni daftari. Kichwa si ghala la kuaminika. Jambo ulilolisikia asubuhi ndani ya daladala, jioni huwa limekwisha kuyeyuka. Liandike pale pale, na usiandike neno moja. Ukiandika "nyanya" peke yake, baada ya siku tatu hutajua ulitaka kusema nini. Andika sentensi nzima: "Fungu ni bei ile ile, nyanya zimepungua moja, nani kaipunguza na kwa nini?" Hapo makala imekwisha kuanza, imebaki kuimalizia. Daftari la kununua dukani linatosha. Mwenye simu aandike katika simu. Kinachotakiwa ni kwamba siku ya kuandika ikifika, usikae mbele ya karatasi tupu ukiutazama ukuta.

Kanuni ya tatu ni kalenda. Mwaka una mambo yanayojirudia kama zamu ya maji. Januari shule zinafunguliwa na wazazi wanahesabu madaftari. Masika huingia Machi, na mitaa ya mabondeni haipati usingizi. Julai ipo Saba Saba, Agosti ipo Nane Nane, na Ramadhani huja kwa mwandamo wake. Ukiyapanga hayo mapema, wiki kadhaa kati ya 52 umekwisha kuzijaza, na unapata muda wa kuyafuatilia kabla hayajafika.

Ya nne ndiyo ngumu: saa. Wapo wanaosema wanangoja wapandwe na mori wa kuandika. Mwandishi wa Kiingereza Anthony Trollope, aliyefariki mwaka 1882, alikuwa mtumishi wa Posta, mtu wa ofisini kama wengi wetu. Saa kumi na moja na nusu alfajiri alikuwa mezani, saa ya mfukoni mbele yake, akijidai maneno 250 kwa kila robo saa. Alimlipa mtumishi wake pauni 5 za ziada kwa mwaka ili amwamshe na kumpelekea kahawa. Aliacha riwaya 47. Na katika kazi hii yetu ya redio, Alistair Cooke alisoma "Barua kutoka Marekani" katika BBC tangu Machi 1946 hadi Februari 2004. Jumla yake ni barua 2,869. Hakuna mori unaompanda mtu mara 2,869. Hiyo ni ahadi, naye aliitimiza.

Sasa, ndugu wasikilizaji, mtaniuliza: hata safu ikifa, nani kaumia? Nawajibu kwamba nafasi haikai tupu. Ukurasa ambao mwandishi kaushindwa Jumatano, Alhamisi unajazwa na mwingine, na mara nyingi huyo mwingine ni mwenye fedha. Taarifa huja imekwisha kuandikwa, picha zimekwisha kupigwa, kazi ya mhariri imebaki kuipachika. Humo mtasoma nani kakata utepe na nani kampa nani mkono. Hamtasoma nyanya ilipungua kwa sababu gani, wala bomba la mtaani lilikauka tangu lini. Mama wa gengeni hana msemaji, hatumi taarifa kwa vyombo vya habari. Asipoendewa, hayumo.

Ndiyo maana nawaambia vijana wale walioomba radhi wiki ya nne: rudini. Msirudi na maadili wala maendeleo. Rudini na fungu moja, bomba moja, nauli moja, kisha wiki ijayo jingine. Nanyi wasomaji na wasikilizaji, mkimwona mwandishi kasimama gengeni akiuliza maswali yanayoonekana ya kipuuzi, msimcheke. Mwambieni mnayoyajua.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo, saa kama hii.